Pevu Kwanza, Ndipo Bivu

Maandiko: Marko 4:26-29, Walawi 19:23-25

Haya ni mahubiri ya ibada ya pili. Nimeyafupisha kwa ajili ya ndugu zetu waliokuwa zamu bandarini, na kina mama ambao Jumapili haiwapi nafasi ya kutoka sokoni.

Nianze na mnazi. Sisi wa Pwani hatuna jina moja tu la tunda lake. Likianza kujifunga ni kidaka. Likikua kidogo ni kitale. Likijaa maji matamu ni dafu, nyama ikianza kukaza ni koroma, na mwisho kabisa ndiyo nazi. Majina matano kwa tunda moja! Na hujamsikia mtu pale feri ya Likoni akimsimamisha muuza madafu na kumgombeza kwamba dafu lake halitoi tui. Dafu ni la kunywa. Tui litakuja, lakini si leo.

Yesu anasema jambo hilohilo katika Marko 4. Mtu anapanda mbegu, analala, anaamka, mbegu inamea yeye asijue imefanyaje. Kwanza jani, halafu suke, halafu ngano iliyojaa ndani ya suke. Mundu unatoka wakati mavuno yamefika, haujitangulizi. Na Musa aliambiwa mapema zaidi, katika Walawi 19: mkiingia katika nchi na kupanda mti wa matunda, miaka 3 msile. Mwaka wa 4 matunda yote ni ya Bwana. Mwaka wa 5 ndipo mle. Mimi nilisomea biashara chuoni, na nawaambia hakuna mwalimu wangu hata mmoja ambaye angepitisha mpango huo. Miaka 4 bila senti? Benki gani itakukopesha? Lakini Mungu ndiye aliyeandika mpango, na anasema mwishoni kwamba ukifuata hivyo mti utakuongezea mazao.

Sasa, miti haiendi mwendo mmoja. Papai ukilipanda nyuma ya nyumba pale Mishomoroni, kama maji yapo, ndani ya mwaka mmoja hivi unakula. Mwembe wa kupandikiza unaanza baada ya miaka 3 au 4, ule wa kokwa unachelewa zaidi. Mnazi mrefu wa kienyeji unaweza kukuweka miaka 6 au 7. Mbuyu ndio usiseme, anayeupanda anawapandia wajukuu. Yote ni miti ya Bwana, kila mmoja kwa jinsi yake, kama ilivyoandikwa katika Mwanzo 1. Kwa hiyo dada, ukiona mwenzako mliookoka naye mwaka mmoja ameshapata kazi, ndoa na kiwanja, usikimbilie kujiuliza umekosea wapi. Huenda yeye ni mpapai. Wewe ni mnazi, na mnazi ukishaanza hauachi kuzaa kwa miaka mingi sana. Mpapai baada ya miaka michache umechoka. (Wapapai msinikasirikie, nawapenda, hasa wakati wa kiamsha kinywa.)

Na kabla sijaacha habari ya aina, tazameni kikapu cha mama yeyote pale Kongowea. Embe asili yake ni upande wa India. Ndizi ilitoka kusini-mashariki mwa Asia. Nanasi, papai, pera, stafeli, hata korosho ambayo watu wa Kilifi na Kwale wanaihesabu kuwa yao ya kuzaliwa, asili yake ni Amerika, na ilifika huku baada ya Wareno kuanza kuzunguka bahari. Mwenyeji hasa ni mbuyu na mkwaju. Sasa katika kikapu hicho nani atamwuliza mwenzake ametoka wapi? Waliokuwa Likoni mwezi wa Agosti 1997 wanajua swali hilo linaweza kuwafikisha watu wapi. Kanisani hapa tuna Mgiriama, Mduruma, Mtaita, Mkamba, Mjaluo, Mluhya na Mkikuyu, na bado wakati wa kuchagua kamati nasikia mtu akinong'ona, "Tumpe wa nyumbani." Wa nyumbani kwa nani? Nalisema hilo na kupita. Mwenye sikio amesikia.

Nije kwenye jambo lililonifanya niandae ujumbe huu.

Kuna ndugu mmoja katika kanisa hili anauza maembe na ndizi. Sitamtaja, na wanaomjua nawaomba wanyamaze. Alinifuata baada ya maombi ya Jumatano akaniuliza, "Pasta, kabaidi ni dhambi?"

Kwa wasiojua: kabaidi ni yale mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma huyatumia. Yakipata unyevu yanatoa gesi inayoitwa asetilini. Tunda likikomaa lenyewe hutoa gesi yake ya kujiivisha, na hii ya fundi inaliiga. Unafunga mawe kwenye karatasi, unayaweka katikati ya kreti, unafunika kwa turubai. Siku mbili, ngozi imekuwa manjano. Mawe hayo mara nyingi huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, nazo ni sumu. Na hata ukiiacha sumu kando, kata lile embe: nje ni harusi, ndani ni kijani, ugumu na uchachu. Rangi imebadilika lakini sukari haikuja.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko vitabu vingi. Tuna embe bichi, tuna embe pevu, tuna embe bivu. Pevu ni lile lililokomaa mtini lakini bado gumu. Wazee wetu walikuwa wakichuma pevu wanalivundika: shimo, majani makavu, au ndani ya pipa la mahindi, au wanaweka moja lililoiva katikati ya wenzake. Siku 4, 5, 6, limeiva mpaka kwenye kokwa. Kwa hiyo kuvundika si dhambi, wapendwa. Kusaidia tunda lililokomaa si dhambi. Shida ni kulichukua bichi, ambalo mti haujamaliza kazi yake juu yake, ukalivisha rangi ya bivu ukalichukulia pesa za bivu. Amosi 8 inawataja wafanyabiashara waliopunguza kipimo, wakauza makapi kwa bei ya ngano, huku wanaona Sabato inawachelewesha. Mithali 11:1 inasema Bwana anaichukia mizani ya udanganyifu. Basi kuna mizani ya kilo na kuna mizani ya rangi.

Nilimjibu, ndiyo, ni dhambi. Akasema, "Sawa Pasta. Nikiacha watoto watakula nini?"

Na hapo mhubiri hawezi kumwambia mtu "Mungu atatenda" akaenda zake kunywa chai. Tukakaa na kalamu. Tuseme mtaji wake ni shilingi 6,000, na kila mzunguko wa mzigo unampa faida ya 1,500. Kwa kabaidi anazungusha kila siku 2, yaani mara 3 kwa siku 6 za kazi. Faida 4,500. Akinunua pevu na kuvundika, mzigo uleule unakaa karibu siku 6. Mzunguko mmoja, faida 1,500. Kodi ya nyumba haijui kuvundika. Sasa ili apate 4,500 zilezile kwa njia ya haki, anahitaji mzigo wa 18,000 uwe unaiva kwa mafungu, fungu moja linaingia jingine linatoka. Ana 6,000. Zinapungua 12,000.

Nataka mwone jambo hilo. Tunapenda kuzungumza juu ya dhambi kama moshi usioshikika. Dhambi ya ndugu huyu ina bei, na bei yake ni shilingi 12,000. Kanisa linaloimba saa mbili na nusu kila Jumapili haliwezi kusema halina 12,000. Kikundi chake cha nyumbani kilichanga kwa majuma mawili, wakampa mkopo usio na riba, kama Kutoka 22:25 inavyotaka kwa ndugu mhitaji. Yale maembe mabichi ambayo dalali bado anamsukumia pamoja na mapevu, anayauza kama mabichi: ya kukata na chumvi na pilipili, na ya achari. Bichi lina heshima yake, mradi liitwe bichi.

Lakini tusimwachie muuzaji mzigo wote. Kuna mkulima huko Kilifi anayeuza mti mzima ungali na maua kwa sababu karo ya Januari haingoji, na dalali anachuma mapema ili awahi bei ya mwanzo wa msimu. Na kuna wewe na mimi tunaofika mezani na kidole gumba, tunabonyeza, tunataka manjano. Chungwa la kwetu huku, kwa sababu usiku wetu una joto, huiva likiwa bado kijani. Linajaa maji matamu na ngozi haibadiliki. Lakini mtu analiruka anaenda kununua lile la kutoka nje kwenye duka kubwa kwa sababu ni la rangi ya machungwa. Samweli naye alisimama mbele ya Eliabu akavutiwa na urefu wake, mpaka Bwana akamzuia, 1 Samweli 16.

Na kabaidi haiko sokoni peke yake. Kijana anaokoka Machi, ana sauti nzuri, Mei tumempa maikrofoni, Julai anaitwa mtumishi, Desemba hatumwoni tena na tunasema shetani amempiga. Paulo alimwonya Timotheo kuhusu mtu aliyeongoka karibuni kupewa uangalizi, 1 Timotheo 3:6. Mama mmoja aliambiwa asimame atoe ushuhuda wa uponyaji "kwa imani" huku bado anatembea na karatasi ya hospitali kwenye mkoba. Akarudi nyumbani na rangi ya manjano na maumivu yaleyale. Nimezungumza na Mchungaji Kiongozi, na kuanzia mwezi ujao hakuna atakayesukumwa kwenye madhabahu kushuhudia. Atakayekuja, aje na lake, likiwa pevu. Akija analia na hana jibu, tutamwombea hivyohivyo.

Galatia 5 inaorodhesha upendo, furaha, amani na mengine, na inayaita tunda la Roho. Kiwanda kina uharaka wake, lakini tunda halisi linahitaji mti, jua na mvua za masika.

Ndugu yetu yuko wiki ya tatu sasa. Wiki ya kwanza wateja wawili walimwambia maembe yake yana mabaka wakaenda meza ya jirani. Wiki ya pili mmoja alirudi. Faida ya wiki hiyo ilikuwa 2,900, bado hajafika alipokuwa, na mkopo ameanza kuulipa kwa 500. Jirani yake wa meza, ambaye si wa kanisa letu, amemwuliza anavundika namna gani.

Kwa vikundi vya nyumbani, Jumatano hii: someni Marko 4:26-29 na Walawi 19:23-25. Kila kikundi kitaje mshirika mmoja ambaye kazi yake inamlazimisha kudanganya, iwe ni mezani, kwenye gari au ofisini, mpige hesabu pamoja naye mjue inahitajika shilingi ngapi, na mlete hesabu hiyo kwangu ikiwa imeandikwa. Jina la mtu msiliandike.