Mizani ya 3,210,000

Sisi wapenzi wa shairi tumezoea kuhesabu. Mshororo una mizani kumi na sita, minane ya ukwapi na minane ya utao. Ukipungua hata mmoja, sikio hugutuka. Lakini nani kati yetu hajapata kusikia shairi lililotimia vina na mizani, na ndani mkawa mtupu? Nina swali la namna hiyo juu ya namba: je, hesabu iliyo sahihi yaweza kudanganya?

Namba yenyewe ni 3,210,000. Ndizo ekari ambazo ujumbe wa Waingereza, ukiongozwa na John Wakefield, ulipendekeza mwaka 1946, baada ya wiki tisa za kuzunguka, zilimwe karanga katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Zaidi ya nusu, ekari 1,650,000, zilipangiwa Jimbo la Kusini, ambako kazi ilianzia Nachingwea.

Tuitazame kama tutazamavyo ubeti. Tarakimu zake zashuka ngazi: tatu, mbili, moja, sifuri. Yagawanyika kwa kumi na sita, mizani yetu ile ile, pasi na baki. Ukiivunja hadi mwisho wapata mbili nne, tatu moja, tano nne, na 107 moja, zikizidishana. Hii 107 ni namba tasa (na hilo jina nalo!), haigawiki ila kwa moja na kwa nafsi yake. Wala haikujileta. Yaliandikwa mashamba 107, kila moja ekari 30,000: Tanganyika 80, Rhodesia 17, Kenya 10. Zidisha mwenyewe, msomaji. Hawakukosea hata ekari moja.

Hapo ndipo penye shaka yangu. Namba ile haikuokotwa ardhini, ilizaliwa kwa kuzidisha, kana kwamba udongo wa Kongwa na wa Nachingwea ni mmoja na mvua zao ni moja. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango, kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Wengi huwacheka wale mabwana kwa ujinga wa kilimo. Mimi naona kosa lao lilitangulia jembe: waliazima yakini ya hesabu wakaivisha dhana yao. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, hilo ni kweli, na haja yao haikuwa ya kubuni. Hata hivyo, kumwonyesha mtu jumla isiyo na kosa pale anapouliza kama una hakika, hiyo ni khiana, japo kila tarakimu ni kweli.

Leo Nachingwea na jirani yake Ruangwa zina namba kubwa nyingine, za korosho na ufuta zipitazo katika chama kikuu cha ushirika RUNALI, kilichoshona jina lake kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Hizo huja kwa kujumlisha, gunia kwa gunia, kila kilo na mwenyewe. Mizani yaweza kupunja hapa pia, wala sidai watu wa sasa ni malaika. Ila aliyepunjwa kilo zake huweza kuzitaja, na kumtaja aliyepima. Mtu wa Nachingwea wa mwaka 1947 angeitafuta wapi ekari yake ndani ya 107?