Afadhali ya Nani?

Ukitaka kumnyamazisha mtu anayelalamika mwambie, "Afadhali wewe." Una chumba? Afadhali wewe, wenzio wanalala barazani. Una kibarua? Afadhali wewe. Atafunga mdomo, tena ataona haya kwa nini alilalamika. Mimi neno hili nalishuku, na nchi iliyonifanya nilishuku ni Bangladesh.

Ni nchi ya kilomita za mraba zipatazo 147,000 tu, lakini ina watu zaidi ya milioni 165. Ilipozaliwa mwaka 1971, baada ya vita, wajuaji wengi waliikatia tamaa. Watu wote wale watakula nini? Kumbe! Leo mtoto wa kule anatarajiwa kuishi zaidi ya miaka 70, na Dhaka imefura ikawa jiji la watu zaidi ya milioni 20. Wengine walifukuzwa vijijini na mito inayomeza mashamba, wengine waliitwa na cherehani. Viwanda vya nguo, vilivyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, vinaajiri watu wapatao milioni 4, wengi wao wanawake. Hebu tazama lebo ya shingoni kwenye fulana yako ya mtumba. Huenda ilishonewa huko.

Sasa watetezi wa viwanda hivyo husema: afadhali. Afadhali binti ashone kwa mshahara mdogo kuliko kuozwa akiwa mtoto au kukaa kijijini na njaa. Na hawasemi uongo, jamani. Siko pamoja na wale wanaoliliwaza shamba wakiwa wamekaa mjini kwenye sofa. Binti mwenye mshahara wake ana sauti nyumbani ambayo mama yake hakuwa nayo.

Lakini twende Savar, nje ya Dhaka. Tarehe 23 Aprili 2013 jengo la ghorofa 8 liitwalo Rana Plaza lilionekana lina nyufa. Benki iliyokuwa humo iliwaambia wafanyakazi wake wasirudi. Washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa warudi, na baadhi yao walitishwa kunyimwa mishahara. Kesho yake asubuhi jengo likaporomoka. Walikufa watu 1,134.

Nyufa ni zile zile, jengo ni lile lile. Karani wa benki alihesabiwa kuwa mtu wa kukaa salama. Mshonaji alipimwa kwa kijiji alichotoka. Hapo ndipo ninapoona ujanja wa afadhali. Humlinganisha maskini na jana yake mwenyewe, au na maskini mwenzake, lakini kamwe hamlinganishi na tajiri wake. Bosi haambiwi, "Afadhali wewe, punguza faida."

Tena ilikuja kujulikana kwamba hali bora iliwezekana. Mwezi Mei 2013 kampuni nyingi za nje na vyama vya wafanyakazi vilitia saini mkataba wa usalama unaofunga kisheria. Viwanda zaidi ya 1,600 vikakaguliwa, nguzo zikaimarishwa, milango ya moto ikawekwa. Je, biashara ilikufa? Wapi! Mauzo ya nguo yaliendelea kupanda miaka iliyofuata. Basi wale 1,134 hawakuwa bei ya maendeleo, kama wanavyopenda kusema wachumi wa mezani. Walikuwa bei ya uvivu wa watu fulani.

Na jiji lenyewe lina afadhali yake. Katikati ya Dhaka, kando ya ziwa linalopakana na mtaa wa kitajiri wa Gulshan, kuna mabanda ya Korail. Humo wanaishi wavuta riksho, washonaji, madada wa kazi: watu ambao wakigoma siku mbili tu Gulshan hawana chai. Mwaka 2012 sehemu ya makazi hayo ilibomolewa. Jiji linaitaka mikono yao, ila miili inayoshika mikono hiyo ikalale kwingine.

Mwaka 2023 washonaji waliingia barabarani kudai mshahara wa chini wa taka 23,000 kwa mwezi. Walipewa 12,500, kutoka 8,000 za zamani, na katika maandamano hayo wengine waliuawa. Waliambiwa nyongeza ni kubwa mno. Wao hawakuizungumzia jana wala kijiji. Walitaja bei ya mchele na kodi ya chumba.