Kikombe cha Maji Barabarani

Soma kwa ajili ya somo hili: Mambo ya Walawi 19:18, 35, 36, Mathayo 10:42, Luka 16:10, Matendo 9:36–39.

Mwanzoni mwa mwaka 2011, barabara ya vumbi inayopita Mto wa Mbu, Engaruka na kando ya Ziwa Natron ilijaa magari. Yalikuwa yakielekea Samunge, kijiji cha Wasonjo huko Loliondo, wilayani Ngorongoro. Hapo Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri ambaye wengi walimwita Babu, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Foleni ilienea kilometa nyingi. Watu walilala kwenye magari siku kadhaa, na wapo waliokata roho kabla ya kukifikia kikombe.

Makanisani tulijadili sana. Je, ndoto ile ilitoka wapi? Je, dawa inaponya? Yalikuwa maswali ya haki, maana tumeagizwa kuzijaribu roho. Lakini lipo swali jingine ambalo wengi wetu hatukuliuliza: Mkristo wa kawaida, asiye na ndoto wala kikombe, alikuwa na wajibu gani katika barabara ile?

Nauli zilipanda. Chakula na maji vilipanda bei. Bei haipandi yenyewe. Kuna mkono unaoipandisha. Mwenye gari, muuza maji na mpika chai, kila mmoja aliamua moyoni mwake jinsi ya kumtendea mgonjwa aliyekuwa mbele yake. Angalia Mambo ya Walawi 19. Sura ileile inayotuamuru kumpenda jirani ndiyo inayodai mizani na vipimo vya haki. Mbele za Mungu, bei ya chupa ya maji ni sehemu ya ibada.

Nami nina la kukiri. Mwaka ule, nikiwa mzee wa kanisa, mama mmoja jirani yangu alikuja kuniaga kwamba anakwenda Samunge. Nilimfundisha karibu saa nzima juu ya manabii na ndoto. Niliyosema yalikuwa kweli. Lakini sikumwuliza kama amebeba vidonge vyake, wala watoto watabaki na nani. Dada mmoja muuza maandazi, ambaye hajawahi kufundisha lesoni hata siku moja, alimfungia chakula cha njiani. Alimsihi asiache dozi ya hospitali. Kisha akawachukua watoto wakalala kwake siku zote tisa. Mama yule yu hai hata leo, naye husema hakuacha vidonge kwa sababu ya maneno ya dada yule. Fundisho langu halikumbuki.

Mtu anaweza kusema: wema mdogo namna hiyo unabadili nini? Kikombe kimoja cha maji ni kitu gani kwa foleni ya maelfu? Ni kweli, hakimalizi kiu ya wote. Ulimwengu huu hatutaugeuza kuwa mbingu; tunamngojea Bwana aje kufanya yote kuwa mapya. Lakini Yesu hakusema tuwanyweshe maelfu kwa siku moja. Alitaja kikombe kimoja, kwa mdogo mmoja, akaahidi kwamba hakitasahauliwa. Dorkasi naye hakuuvika ulimwengu wote. Aliwavika wajane wa Yafa, na alipokufa walikuja wakilia, mavazi yake mikononi.

Foleni ya Samunge ilikwisha. Mchungaji Mwasapile alifariki Julai 2021. Lakini kuna kazi iliyokuwapo kabla ya foleni na iliyobaki baada yake: Wasonjo humwagilia mashamba yao kwa mifereji, kila mtu kwa zamu yake. Mfereji hauhitaji muujiza. Unahitaji mtu atakayefunga maji zamu yake inapokwisha, hata kama ni usiku na hakuna anayemwona, ili shamba la jirani aliye chini lisikauke. Uaminifu katika lililo dogo, anaoutaja Bwana katika Luka 16:10, ndio huo.

Siku ya foleni kubwa huja mara chache. Zamu ya maji huja mara kwa mara.

Maswali ya kujadili:

1. Katika kazi yako, ni wapi unapoweza kupata faida kutokana na dhiki ya mtu? Utafanya nini juma hili?

2. Je, inawezekana kusema kweli pasipo kumpenda unayemwambia? Na je, dada yule angempenda mama yule vya kutosha kama angenyamaza kuhusu dozi?

3. Ni nani katika mtaa wenu anayetegemea wewe "ufunge maji" kwa wakati?