Korongo Akirudi, Je, Atazaa?



Mwaka jana nilikwenda Rujewa kwenye msiba, nikakutana na mwanafunzi wangu wa zamani. “Shikamoo, mwalimu.” Nikaitikia, “Marahaba, mwanangu.” Tulipokwisha kuulizana habari za nyumbani, akaniambia: “Mwalimu, ulitufundisha kwamba thamani ya mtu hupita ya ndege. Mbona sisi tuliondolewa Ihefu na ng’ombe wetu, ndege wakabaki?” Nilikosa jibu. Leo nataka tulifikiri swali lake pamoja.

Wengi wetu tunaijua Usangu kwa mchele wake. Katika bonde hilo limo bwawa kubwa la majani na matope liitwalo Ihefu. Maji ya Chimala, Kimani na Mbarali hushuka huko kutoka milimani, na Ndembera huja kutoka upande wa Mufindi. Yote hukusanyika kama katika bakuli, kisha hutokea mahali pamoja, Ng’iriama, penye kizingiti cha mwamba. Maji yakishuka chini ya kizingiti hicho, Ruaha Mkuu hukatika. Ndivyo ilivyoanza kutokea mwaka 1993, na imetokea mara nyingi tangu hapo. Mwaka 2006 serikali ilianza kuwaondoa wafugaji, wengine wakaenda na mifugo yao mpaka Lindi na Pwani. Mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Sasa tuwatazame ndege wenyewe. Mvua zikinyesha, korongo hurudi, nasi hufurahi kumwona. Lakini kuonekana si kuzaa. Korongo mwenye taji la dhahabu, ambaye utotoni tulimwona akicheza mashambani, tangu mwaka 2012 amehesabiwa ulimwenguni kuwa yu hatarini kutoweka. Hujenga kiota chake katika maji ya kina kifupi. Mayai, mara nyingi mawili au matatu, jike na dume huyaatamia kwa zamu muda wa mwezi mmoja. Kisha makinda hukaa miezi miwili au mitatu kabla ya kuruka. Yuko pia nduguye mkubwa, mwenye ngozi mbili zinazoning’inia chini ya kidevu, ambaye ni adimu zaidi. Inakadiriwa kwamba duniani hawafiki 10,000, na zaidi ya nusu wako Zambia. Huyo hulea kinda mmoja tu, na kinda huyo hukaa miezi mitatu au zaidi bila kuruka. Hesabu mwenyewe: maji yakikatika kabla ya siku zake, bweha hufika kiotani bila kulowa miguu.

Hapa sina budi kuungama. Katika miaka ya 1990, mshahara haukutosha, nikalima ekari mbili za mpunga Usangu. Baada ya mavuno zamu yangu ya maji ilikwisha, lakini sikuziba mlango wa maji shambani. Mwezi wa Agosti mzima maji yalitiririka usiku na mchana, yakiotesha magugu. Nilijiambia kwamba ni maji kidogo tu. Jirani yangu alijiambia vivyo hivyo, na jirani yake pia. Darasani nilifundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Sikufikiri kwamba haba na haba hukimaliza pia.

Kwa hiyo, sidhani kwamba ndege alipendelewa na mtu akakataliwa. Korongo na mchungaji wote wawili walikaa mwisho wa mfereji, nasi wa juu tulichota kwanza. Sisemi kwamba ng’ombe hawakudhuru. Kwato nyingi zikiingia matopeni, viota hukanyagwa. Lakini baada ya wao kuondoka, mto uliendelea kukauka kila kiangazi. Basi mzigo wa makosa yetu sote ulibebwa zaidi na upande mmoja.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imo sheria fupi juu ya mtu akutaye kiota njiani: makinda aweza kuwatwaa, mama yao amwachilie. Sheria hiyo haimtaki mtu afe njaa kwa ajili ya ndege. Humruhusu kula, ila humkataza kumaliza chanzo cha chakula cha kesho. Mkulima wa mpunga ana haki ya maji ya mpunga. Maji ya magugu hana haki nayo, kwa kuwa hayo ni ya mwenziwe aliye chini, awe na miguu miwili au minne, awe na mabawa.

Nimemwandikia mwanafunzi wangu barua kumwomba radhi, naye bado hajanijibu. Wakati ninangoja, nawasihi ninyi mlio na mashamba Usangu: mavuno yakiisha, fungeni maji siku hiyo hiyo, wala msimngoje jirani aanze.