Nani Kasema Siku Yake Imefika?

Mtu akianguka ghafla sokoni au msikitini, watu humzunguka, mmoja humpepea kwa kanga, mwingine humnyunyizia maji, na haichukui muda sauti husikika ikisema siku yake imefika. Maneno hayo yametoka katika imani, nami naiheshimu: hakuna afaye kabla ya saa yake. Lakini saa hiyo anaijua Mungu peke yake. Anayetangaza kwamba yamekwisha, na mikono yake imekunjwa, amedai elimu ambayo hakupewa.

Moyo ukisimama, damu hubaki na oksijeni kwa dakika chache; kinachokosekana ni wa kuisukuma ifike kwenye ubongo. Mikono miwili yatosha: viganja vikipandana katikati ya kifua, kukandamiza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Linalotupotosha zaidi ni kwamba aliyeanguka huweza kutweta na kukoroma kwa vipindi. Sisi husema ni sakarati, tukaanza kumtamkisha shahada. Kumbe mkoromo ule mara nyingi huonyesha kuwa moyo umesimama sasa hivi tu, na nafasi ya kumrudisha ingalipo. Shahada na asomewe, ila kifua chake kisiachwe.

Atauliza mtu: je, raia wa kawaida huleta tofauti gani? Denmark iliingiza mafunzo ya kukandamiza kifua hivi shuleni mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikawataka waombao leseni ya udereva wayapate. Kati ya 2001 na 2010, walioanguka wakasaidiwa na watu waliokuwapo waliongezeka kutoka asilimia 21 hadi 45, na waliokuwa hai baada ya siku 30 kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Huduma za hospitali nazo ziliboreka, kwa hiyo sifa si ya mafunzo peke yake, na wengi bado walifariki. Hata hivyo, waliopona ni baba na mama za watu.

Imam Ghazali aliuhesabu utabibu kuwa faradhi kifaya, kama ilivyo kuosha maiti: wakikosekana kabisa wa kuifanya, dhambi ni ya wote. Ndiyo maana kila mtaa wa pwani una wajuao kuosha maiti. Je, aliye baina ya uhai na mauti hastahili angalau hayo? Wako wanaohofia kumvunja mbavu. Kweli huvunjika, nazo huunga. Wako wanaoona haya kumgusa mwanamke asiye maharimu wao, ilhali fiqhi yenyewe huruhusu katika dharura yale iliyoyakataza, na hakuna dharura kubwa kuliko ya anayekufa mbele ya macho yetu. Mafunzo yenyewe ni ya saa chache, na darasa la madrasa au ukumbi wa kanisa watosha kuyafanyia.