Anayegeuzika na Anayegeuzwa

Ukitoka Karatu kupanda Ngorongoro, mahindi na maharage yanakusindikiza hadi karibu na lango la Lodoare. Ukishavuka ni msitu, kisha malisho. Ni rahisi kusema, aah, wale wa chini ni wakulima kwa damu, na hawa wa juu ni wafugaji kwa damu. Lakini huko juu kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, kisha kikazuiwa tena. Hapo damu inahusika vipi?

Mwili wenyewe unakataa hoja ya damu. Seli shina iliyomo kwenye uboho inaweza kuwa mfupa, mafuta au gegedu, ile tishu laini inayozuia mifupa ya goti isisagane. Jeni ni zilezile. Kinachobadilika ni alama za kikemia juu yake, zinazofungua baadhi ya jeni na kufunga nyingine. Jeni iitwayo SOX9 ikifunguliwa, safari ya gegedu inaanza. Elimu ya alama hizo ndiyo epijenetiki.

Basi anayesema "hawa ndivyo walivyo" hana pa kusimama. Ila kuna hoja ya pili, na hii naiogopa zaidi: kama binadamu anageuzika, ahamishwe tu, atazoea. Tangu 2022 familia za Ngorongoro zinahamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Agosti 2024 maelfu ya Wamaasai waliandamana barabarani kupinga.

Hata maabara inatoa tahadhari. Seli shina zinazosukumwa ziwe gegedu mara nyingi hazitulii hapo. Huvimba na kuendelea kuelekea mfupa. Kugeuzika kupo, lakini hakumtii kila anayesukuma. Tena seli haina wa kuulizwa. Mtu yupo, anaweza kuulizwa, na anaweza kusema hapana.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tunaisoma kama methali ya mtoto, kumbe mzigo wote uko kwa mlezi. Anayebadilisha mazingira ya wenzake anawajibika kwa watakavyokuwa.

Kwa hiyo neno "hiari" lipimwe kwa anayebaki, si kwa anayeondoka pekee. Wakazi wamelalamika kwamba huduma za afya na shule zimepunguzwa. Hiari ni pale anayekataa kuhama anapoamka kesho yake na kukuta zahanati bado ina dawa na shule bado ina walimu.