Panya Weupe na Mitishamba ya Mbeere

Mbeere, upande mkavu wa Embu, ina mitishamba mingi ambayo wenyeji huitumia kutibu kisukari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wamechuma baadhi yake, wakaichemsha na kuwapa panya weupe waliotiwa kisukari kwa aloksani, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Sukari ya panya ilishuka. Je, binadamu ana haki gani ya kumuuguza kiumbe mzima ili atafute dawa yake mwenyewe?

Panya hao wana ukoo unaojulikana. Mwaka 1926 mtafiti Clara Lynch alipeleka wazazi wao wa kwanza New York kutoka Lausanne, Uswisi, madume 2 na majike 7, na uzao wao ukaenea maabara za dunia. Aina nyingine hupatikana kwa kupandisha kaka na dada vizazi 20 mfululizo, mpaka wote walingane kijeni. Wameru na Waembu, ambao kwa mila hawaoi ndani ya ukoo, wangeshtuka. Lakini kwa njia hiyo mtafiti hujua kwamba tofauti aliyoiona imeletwa na dawa.

Damu ya mnyama haikuwa ngeni kwa wazee wa Embu. Mbuzi wa tambiko alichaguliwa wa rangi moja, asiye na dosari. Haja ilitajwa mbele ya mashahidi. Kitabu cha Mithali humsifu mwadilifu anayejali uhai wa mnyama wake, na hadithi za Mtume Muhammad humkemea anayemuua shomoro bila haki. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, nayo inadai leseni kabla ya jaribio. Wote hao wanaruhusu, ila wanataka sababu.

Sababu yenyewe ina walakini.

Kisukari cha aloksani hukaribia kile cha aina ya kwanza, ilhali wagonjwa wengi nchini wana aina ya pili. Panya wanaozaliwa na jeni ya unene na kisukari cha namna hiyo wapo. Mojawapo, aina iitwayo db, iligunduliwa katika Maabara ya Jackson, Marekani, mwaka 1966. Tena, matokeo yakiishia jaridani bila kuvuka hadi majaribio kwa binadamu, mgonjwa wa Siakago, huko Mbeere, ataendelea kukisia kipimo cha kikombe chake cha mitishamba, na panya watakuwa wamekufa bure.

Kamati za maadili vyuoni huuliza panya wangapi watatumika na maumivu yatapunguzwaje. Ziulize pia hatua inayofuata ni ipi na nani ataigharamia, na asiye na jibu anyimwe kibali.